Natilla na Karamu ya Maricruz

Jumapili, 24 Novemba
Daktari wa sukari kaniamuru niandike kila ninachokula. Nimeandika siku tatu nikachoka: maharage, tortilla, maharage. Kuanzia leo nitaandika wanaonilisha, maana hao ndio wanaonipandisha sukari.

Leo tumekula nyama ya nguruwe kwa mchuzi wa pilipili mbichi, na tumepanga karamu ya Maricruz. Binti yangu anatimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwetu msichana huingizwa utu uzima. Padri kasema ikiwa si Jumamosi ya kwanza ya Machi basi tungoje hadi baada ya Pasaka, kwa kuwa Kwaresimani hafungui kanisa kwa ajili ya magauni. Mume wangu Fidencio akagawa ufadhili kama kawaida yetu: huyu keki, huyu muziki, yule gauni. Ilipobaki zawadi ya ukumbusho ya wageni, Evodio akasimama. Evodio ndiye aliyemshika Maricruz kwenye maji ya ubatizo. Yeye ni kompadre wetu, na kompadre kwetu ni zaidi ya ndugu, kwa sababu ndugu hukumchagua.

"Msiniletee habari za vitambaa na mishumaa," akasema. "Kila mgeni ataondoka na ajolote mchanga, yule mjusi wetu wa majini, hai, ndani ya chupa yake. Mifereji hii ilikuwa imejaa ajolote enzi za babu zetu. Acha wageni wa Maricruz wakumbuke wametoka wapi."

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, tena nikafuta macho. Nilifikiri hakuna mtu mwenye moyo mkubwa kama Evodio katika mitaa yote ya Xochimilco.

Jumatano, 27 Novemba
Evodio kaja kwa mtumbwi asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mfereji. Anamtaka Natilla.

Natilla ni ajolote wa Maricruz. Mweupe wa rangi ya maziwa yaliyochemshwa na sukari, ndiyo sababu ya jina, maana natilla kwetu ni uji mtamu wa namna hiyo. Ana matamvua mekundu yamesimama pande zote za kichwa, miguu minne mifupi, na uso wa mtu aliyesikia umbea mzuri. Evodio mwenyewe ndiye aliyempa, akiwa mdogo kama kidole.

"Wa kwangu wamechoka, komadre," akaniambia. "Wa kike wamechoka wote. Huyu ni kigori, ana damu mpya."

Maricruz, ambaye humwita Evodio baba kwa ajili ya ubatizo ule, akasema, "Hajafika hata mwaka na nusu, baba. Kwenye kitabu cha shule wanasema asubiri akomae."

"Kitabu kimezaa ajolote wangapi?" Evodio akamtania. "Wiki moja tu, binti yangu. Nilikupa mimi, na wala sikuombi siku arobaini."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Akaondoka naye kwenye ndoo.

Alhamisi, 5 Desemba
Natilla kataga. Mayai yamejaa kwenye majani ya maji kama mbegu za chia zilizolowekwa. Fidencio kafungua bia.

Alhamisi, 12 Desemba
Sikukuu ya Bikira. Nimekula mikate miwili ya kukaanga yenye asali. Daktari asipopenda na aje aninyang'anye.

Jumapili, 15 Desemba
Wiki moja ya Evodio imekuwa ndefu. Maricruz ameuliza tena. "Anapumzika huko huko," baba yake akamjibu. "Maji ya Evodio ni baridi zaidi."

Jumapili, 22 Desemba
Jana umande uliganda. Letusi zote za upande wa magharibi wa shamba letu la mferejini zimekuwa nyeusi, tulichelewa kuzifunika. Fidencio kutwa nzima aling'oa zilizoungua, kisha jioni akaja anacheka peke yake. Watoto wa Natilla wameanguliwa, na Evodio alikawia kuwaletea viroboto vya maji, chakula chao. Wakaanza kulana. Mmoja anamng'ata mwenzake mguu, mwingine anammeza mzima, anatembea na mkia wa ndugu yake mdomoni.

"Wamebaki wangapi?" nikauliza.

"Wachache. Lakini Evodio hana wasiwasi. Mama yao yupo."

Neno hilo, "mama yao yupo," limenikaa vibaya. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 6 Januari
Baada ya kukata mkate wa Wafalme Watatu nilimpelekea Evodio kipande. Ana banda la mabati kule anakofugia, lina matangi ya kioo na mapipa yaliyokatwa. Hakuwepo. Nikaingia.

Matangi manne yako matupu, yameoshwa. Nilizoea kuona humo majike meusi makubwa, mapana kama viatu vya mwanamume. La tano lina Natilla. Sikumtambua. Yale matamvua yaliyokuwa yakipepea yamekuwa vijiti vifupi, mgongo umeonyesha mifupa, na kidole kimoja cha mguu wa mbele hakipo. Nyuma yake kulikuwa na dume jeusi. Natilla akisogea kwenye kona, linamfuata linamsukuma kwa pua. Anahama kona, linamfuata. Nilisimama pale na kipande cha mkate mkononi, na dume halikuchoka.

Evodio akaingia. Nikamuuliza, "Kwa nini hujawatenganisha?"

"Nikiwatenganisha watazaaje, komadre? Wewe ulimpataje Maricruz, kwa posta?"

Nikacheka, kwa mazoea. Kisha nikamuuliza wale majike weusi wako wapi.

"Wazee wale."

"Walikuwa wazee wote kwa pamoja?"

Akaanza kufuta kioo cha tangi. Nje, chini ya mti wa mferejini, udongo umechimbwa na kumwagiwa chokaa. Dalili ya mvua ni mawingu. Nilirudi nyumbani nikala mkate uliobaki wote na sikuhisi utamu.

Alhamisi, 9 Januari
Kataga tena.

Jumamosi, 11 Januari
Nimemwambia Maricruz nilichokiona. Sikutaka, lakini aliniuliza akiwa ananisuka nywele, na mtu akikushika kichwa ni vigumu kumdanganya.

Hakulia. Alisema taratibu kwamba jike akishataga hupaswa kukaa mbali na dume miezi, nusu mwaka ikiwezekana, kwa kuwa mayai yale huyatengeneza kwa nyama yake mwenyewe. Dume haachi kumsumbua, na mwili wa jike haujui kukataa. Utaendelea kutengeneza mayai hadi hapo utakapokosa cha kutengenezea.

Mama mkwe wangu, Doña Ubalda, alikuwa anachambua maharage mlangoni. Miaka kumi na saba tunaishi nyumba moja na sijawahi kusikia akinisifu hata chumvi. Nilidhani atasema kwamba zamani wanyama hawa tuliwafunga kwenye maganda ya mahindi tukawabanika, na hakuna aliyewauliza afya yao. Badala yake akasema, "Watu husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliyesema hivyo alikuwa mwanamume."

Kisha akaendelea na maharage.

Jumapili, 12 Januari
Tumemleta. Niliendesha mtumbwi kwa pondo mwenyewe, Maricruz akikaa mbele na ndoo magotini. Fidencio alikataa kuja. Alisema hamwendei kompadre wake kama askari wa kodi.

Evodio alitutazama tu. Maricruz akaingiza mikono, akamnyanyua Natilla kwa viganja viwili kama mtu achotaye maji ya kunywa, akasema, "Asante kwa kumtunza, baba." Mtoto ana adabu inayochoma kuliko matusi.

"Chukueni," Evodio akasema. "Lakini komadre, nimetoa ahadi mbele ya watu. Ahadi ni deni."

"Uliahidi wewe, Evodio. Natilla hakuahidi kitu."

Sasa Natilla yuko kwenye friji, rafu ya chini, ndani ya bakuli lenye maji safi na jani moja, kati ya maziwa na jibini. Maricruz anasema baridi humpunguzia mwili kazi. Kila anayetaka maziwa inabidi aombe radhi.

Alhamisi, 16 Januari
Hajala.

Jumanne, 21 Januari
Kala mnyoo mmoja. Maricruz kapiga ukelele nikadhani nyumba inaungua.

Jumapili, 26 Januari
Wiki nzuri. Matamvua yanaanza kuota manyoya mekundu tena. Tumemtoa kwenye friji, yuko kwenye beseni la kufulia kibandani, kwenye kivuli. Hata kile kidole kimechipuka, ncha nyeupe kama punje ya mchele. Doña Ubalda humpitia kila asubuhi akiwa na kahawa yake na kumsimulia mambo ya mtaani. Nilimsikia leo: "Mimi nilizaa kumi na mmoja, mwanangu. Hakuna aliyeniletea beseni la peke yangu."

Nilirudi jikoni kimyakimya. Nimemwogopa mwanamke huyu miaka mingi, na kumbe sikuwahi kumuuliza lolote. Nimekula mayai, majani ya mpungate, tortilla mbili.

Jumapili, 2 Februari
Candelaria. Watu wamebeba sanamu za Mtoto Yesu kwenda kubarikiwa, wamezivisha nguo mpya. Tulikula tamale nyumbani kwa sababu kile kidoli kinachofichwa ndani ya mkate wa Wafalme kilimwangukia Fidencio, na anayekipata ndiye hulisha wengine.

Evodio akaja, macho mekundu. Akakaa na kofia magotini. Watoto wa mkupuo wa pili wamekufa wengi, wameota utando mweupe kama pamba. Waliobaki hawafiki hata meza mbili za wageni. Mtaani watu wanamsimamisha: Evodio, na mimi chupa yangu iko? Muuza maua kamwomba mbili.

"Baba yangu alikuwa mfadhili wa muziki kwenye harusi ya dada yako," akamwambia Fidencio. "Wanamuziki hawakutokea. Alikaa miaka tisa bila kupita mtaa ule. Unakumbuka? Aliuzunguka kwa mtumbwi, akienda kanisani kwa nyuma."

Fidencio akakumbuka. Mimi pia nikakumbuka. Nilimhurumia Evodio kweli, nikamwongezea tamale. Sasa naona mtu huyu si mkatili. Ana hofu, na mwenye hofu hatazami anachokanyaga.

Jumamosi, 8 Februari
Beseni ni tupu.

Niligundua mimi, Maricruz akiwa kwenye mazoezi ya densi. Fidencio alikuwa anapandikiza miche kwenye tope, hakuinua kichwa.

"Umempeleka."

"Siku chache tu, mke wangu. Kanenepa, umemwona mwenyewe."

"Na mtoto utamwambia nini?"

"Nimeshamwambia. Kwamba nimempeleka kwa daktari wa wanyama mjini amchunguze kabla ya karamu. Amefurahi. Kanibusu."

Nilimwangalia mume wangu akiwa amepiga magoti kwenye tope. Watu wote humsifu kwa upole. Mimi pia nilikubali anioe kwa upole huo. Leo nimeona upole wake ni kushindwa kumwambia mwanamume mwenzake hapana, basi. Sisi wa nyumbani hutuambia hapana kila siku wala hatetemeki.

Nikasema nakwenda kumchukua. Akanishika mkono. "Ukienda leo, kesho hatuna kompadre. Karamu haina baba wa ubatizo. Unataka mtoto asimame peke yake altareni? Funika kombe mwanaharamu apite, Amparo. Zimebaki wiki tatu."

Sikwenda. Naandika hapa ili nisije nikasema baadaye kwamba nilizuiwa. Mkono aliuachia mapema sana.

Jumatatu, 10 Februari
"Daktari amesema nini?" Maricruz kauliza. Nikamwambia anaendelea vizuri.

Ijumaa, 14 Februari
Nimekwenda bandani, nikajidai nampelekea Evodio shati la karamu. Natilla amevimba tumbo kama kibuyu, na hatagi. Anaelea upande mmoja. Tena madume ni mawili sasa.

"Watoe hao," nikasema.

"Akishataga tu, komadre."

"Watoe niwaone wakitoka."

Akawatoa, akawatia kwenye pipa mbele ya macho yangu. "Haya. Umeridhika?" Nikasema nimeridhika. Njia nzima nilijiambia kwamba mwanamume aliyesimama kwenye maji ya ubatizo na binti yangu hawezi kuwarudisha mara nikigeuza mgongo.

Upepo leo umevumisha vumbi hadi kwenye chakula.

Jumatano, 19 Februari
"Daktari amesema nini?"
"Anasema subira."

Jumamosi, 22 Februari
Gauni limefika. Rangi ya urujuani, zito kama mkosi. Maricruz akalivaa, akasimama juu ya kigoda, mshonaji akiwa na pini mdomoni. Akaniangalia kupitia kioo akasema, "Mama, Natilla atakuwa amerudi siku hiyo, sivyo?" Nikasema, "Geuka, nione mgongo."

Jumanne, 25 Februari
Amekufa.

Fidencio alikuja naye kwenye ndoo iliyofunikwa gunia, akaiweka nyuma ya choo kama mwizi. Nilifunua. Tumbo lilikuwa limepasukia ndani, ngozi imegeuka kijivu, matamvua yameisha kabisa, kichwa kitupu kama cha samaki. Kile kidole kilichokuwa kikichipuka hakikuwepo tena, wala mguu wenyewe. Madume yalirudishwa. Fidencio hakukana.

"Evodio analia kule," akasema.

"Na alie."

"Tutamwambia baada ya karamu. Jumapili. Nakuomba, Amparo. Mpe siku yake."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakaziba. Nilitaka kupiga kelele mtaa wote usikie. Kisha nikafikiria nyama iliyokwisha kuagizwa, bibi wa keki, padri, gauni la urujuani, binti yangu juu ya kigoda. Nikasema, "Jumapili."

Tulipogeuka, Doña Ubalda alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa. Aliitazama ndoo, akatutazama sisi. Akageuka, akaingia ndani.

Jumatano, 26 Februari
Leo Maricruz hakuuliza daktari amesema nini.

Alhamisi, 27 Februari
Wala leo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimekula keki ya majaribio, nikatapika.

Jumapili, 2 Machi
Sijalala tangu jana. Niandike.

Misa ilikwenda vizuri. Evodio alisimama upande wake altareni na shati nililompelekea. Maricruz hakumtazama hata mara moja, lakini wasichana wa umri huo wakivaa gauni hawamtazami mtu.

Kwenye hema, juu ya kila meza, zilipangwa chupa zenye utepe wa urujuani. Evodio alikuwa ameleta za kila mgeni. Nilipita nikichungulia. Meza ya mbele, kila chupa ilikuwa na kitu kidogo chenye macho kikining'inia majini. Meza ya pili, moja moja. Kuanzia ya tatu, chupa zilikuwa na maji na jani la maji tu. Wageni walizinyanyua wakazigeuza kwenye taa.

"Mbona wangu simwoni?" akauliza muuza maua.

"Amejificha kwenye jani," Evodio akasema huku jasho linamtoka. "Wanapenda kujificha. Utamwona nyumbani."

Watu ni waungwana. Waliyatazama majani na kusema kweli, nadhani naona mkia. Hakuna atakayemcheka Evodio kwa hilo. Nilitambua pale kwamba tungeweza kuweka majani matupu tangu Novemba na ingekuwa vilevile.

Kisha mpiga muziki akamwita baba wa binti. Ni wakati ule ambapo binti huketi kwenye kiti katikati, baba yake hupiga goti, humvua viatu bapa vya utoto na kumvalisha vya kisigino, na wanawake wote hulia. Fidencio akatoka na kile kimto kidogo cha kitambaa chenye viatu juu yake. Tayari alikuwa na machozi. Akapiga goti, akanyoosha mkono.

Maricruz akaurudisha mguu ndani ya gauni.

Fidencio akadhani hajaona vizuri, akanyoosha mkono tena. Mguu haukutoka. Mpiga fidla aliendelea, akarudia mwanzo wa wimbo. Watu walianza kutabasamu, wakidhani ni aibu ya msichana. Fidencio akainua uso kumwangalia, na sijui alichokiona, lakini mabega yake yalishuka akabaki amepiga goti na kiatu mkononi.

Nikatoka mbio nilipoketi. Mama akiwapo, jambo hutengenea, ndivyo nilivyowaza. Nikapiga goti kando ya mume wangu, nikakichukua kiatu, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nipe mimi mguu."

Akaniangalia kama ambavyo hunitazama nikimpima nguo, kwa utulivu.

"Bibi aliniambia Jumanne ileile," akasema. "Nimewangoja siku zote hizi, mama. Kila asubuhi nilikaa mezani nikawangoja. Nilijua baba hataweza. Wewe nilikungoja kabisa."

Mguu hakunipa.

Alinitoa kile kiatu mkononi, si kwa nguvu. Akainama katika gauni lile zito, akavua viatu vyake vya bapa, akavaa vya kisigino mwenyewe, kimoja kisha kingine, akihangaika na kishikizo mbele ya watu mia mbili. Akasimama. Akatupita sisi wawili tuliokuwa chini, akaenda meza ya nyuma, akamwinua Doña Ubalda kwa mkono, na wakacheza.